Monita ya Kijana Wangu na Skrini za Maabara

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya Katiba, bajeti na hali ya vyuo vyetu, na huenda wakashangaa leo kuniona nikizungumzia monita ya kuchezea gemu. Naomba mnivumilie. Nimejifunza dukani Kariakoo jambo ambalo nilipaswa kulijua miaka miwili iliyopita, nilipokuwa mjumbe wa kamati iliyoandaa vigezo vya zabuni ya kompyuta katika taasisi moja ya umma.

Shemeji yangu anayeishi Kanada alimletea kijana wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kadi ya grafiki ambayo yeye alikuwa ameacha kuitumia: GeForce RTX 3080. Kadi hiyo iliingia sokoni mwaka 2020 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 10, na hutumia umeme wa wati 320, hata tukalazimika kwanza kubadili pawa saplai ya kompyuta. Nilinung'unika. Nyumbani kwangu gemu zimehesabiwa siku zote pamoja na uvivu, na nimewahi kulisema hilo mbele ya wageni, mwenyewe akiwapo.

Baada ya wiki moja alinijia. "Baba, kadi inafanya kazi, lakini sioni tofauti. Tatizo ni monita."

Nilidhani ni ujanja wa kudai kitu kingine. Nikamwambia anionyeshe.

Monita yake ya zamani ilikuwa na pikseli 1920 kwa 1080, na ilibadili picha mara 60 kwa sekunde, ndiyo hiyo inayoitwa hezi 60. Kadi mpya ilichora picha zaidi ya 100 katika sekunde hiyo hiyo. Zilizozidi hazikuwa na pa kwenda. Mbaya zaidi, kadi ilipoleta picha mpya wakati skrini haijamaliza kuonyesha ile ya kwanza, mchezaji wa mpira aliyekuwa akikimbia alionekana amekatwa kiunoni, kifua upande huu na miguu upande ule. Umeme tuliulipia, kazi ilifanyika, lakini aliyekaa mbele ya kioo hakupata faida yake.

Jumamosi tukaenda dukani. Muuzaji alinitazama mvi zangu, akanielekeza moja kwa moja kwenye monita ya bei kubwa. "Mzee, chukua hii ya 4K, hakuna zaidi ya hii." Ilikuwa nzuri kweli kwa macho. Kijana akaigeuza, akasoma kibandiko cha nyuma, akasema kwa upole kwamba ni ya hezi 60. Tungekuwa tumetoa karibu mshahara wangu wa mwezi kununua tatizo lile lile katika kioo kikubwa zaidi.

Akanieleza hesabu, nami nikaiandika nyuma ya bahasha. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, mara nne ya monita yake ya zamani. Kila picha, kadi hulazimika kuzijaza zote. Kwa gemu nzito, RTX 3080 ingechoka kabla ya kufika kasi anayoitaka. Kulikuwa na nyingine ya hezi 240 yenye pikseli za kiwango cha zamani. Hiyo huwafaa wanaoshindana katika gemu za kulenga shabaha, lakini kwa ukubwa wa inchi 27 maandishi yake yangeonekana na kingo za mikwaruzo, na kijana huyu pia anajifunza kuchora majengo kwa kompyuta. Katikati ndipo ilipokuwa haja yetu: inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, jumla 3,686,400, ambazo hazifikii nusu ya zile za 4K, na hezi 165. Kioo chake ni cha IPS, ambacho hakibadili rangi unapokitazama kwa pembeni. Tena kina uwezo wa kuisubiri kadi: picha ikiwa tayari, ndipo skrini hubadilika, na yule mchezaji hakatwi tena kiuno.

Nakiri kwamba sikuwahi kumsikia mwanangu akijenga hoja kwa utulivu namna ile. Nilikuwa nikimwita mvivu kijana aliyesoma vigezo vya kiufundi kwa makini kuliko kamati yangu.

Nyumbani tulikuta kioja kingine. Aliunganisha monita kwa waya wa HDMI wa king'amuzi chetu cha zamani, na kwenye mipangilio ya kompyuta hezi 165 hazikuonekana kabisa. Akatoa ndani ya boksi waya wa DisplayPort, akaubadili, zikajitokeza. Hata hapo kompyuta ilikuwa imebaki kwenye hezi 60 hadi alipochagua mwenyewe. Akaizungusha kipanya kwa kasi, na mimi niliyedhani haya ni mambo ya vijana nikaona tofauti kwa macho yangu ya miaka hamsini na sita.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka zabuni yetu. Tuliandika ukurasa mzima kuhusu prosesa, kumbukumbu na kadi ya grafiki ya maabara ya wanafunzi wa usanifu, kisha tukaandika mstari mmoja: "skrini, inchi 22 au zaidi." Mzabuni wa bei ya chini akaleta skrini za bei ya chini kuliko zote. Hakuvunja sheria wala mkataba. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilifika, ikaona skrini zinawaka, ikatia saini. Saini yangu ipo kwenye vigezo, na wanafunzi walipolalamika kwamba mashine ni nzito, niliwajibu wajifunze uvumilivu.

Jumatatu nilikwenda maabara na kuinama nyuma ya meza. Kadi tulizonunua ni zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wabunifu, na tundu zake zote ni za DisplayPort. Skrini zetu zina HDMI na VGA tu. Fundi, ambaye hakupewa adapta, alifanya alichoweza: alichomeka skrini kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta, na michoro ikawa inaonyeshwa kwa grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Niliangalia mashine moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa na waya kwenye kadi. Vitu vya gharama kubwa kuliko vyote katika chumba kile vilikuwa vimekaa miaka miwili bila kuunganishwa na skrini yoyote.

Nilimweleza mkuu wa kitengo, nikamweleza pia kwamba kosa lilianzia kwetu na si kwa fundi. Adapta moja ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Niliandika barua ya maombi siku hiyo hiyo, nikaambatanisha orodha. Barua ipo kwa mhasibu kwa wiki ya tano sasa, kwa kuwa adapta hazimo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Kijana wangu amenishauri nizinunue kwa fedha yangu, wanafunzi wafanye kazi. Nimekataa, na wanafunzi wanaomaliza mwezi ujao watamaliza bila kuzitumia kadi zile. Bado sijajua kama nimefanya sawa.