Kitulo, Mbuga Isiyo na Simba

Ukiwaambia mashosti unampeleka mumeo mbugani, swali la kwanza ni simba. Kitulo hakuna simba, jamani! Ni uwanda wa nyasi kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, unaopakana na misitu ya milima ya Livingstone. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mimi ni mzaliwa wa Ibaba, baridi naijua. Mwenzangu, mtoto wa Tunduma mjini, alijifunika hadi masikio.

Msituni yuko kipunji, kima wa kahawia mwenye kishungi kichwani. Wanasayansi walimgundua mwaka 2003 Mlima Rungwe, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia zamani. (Wazee wetu hawakuhitaji cheti!) Hatukumwona. Tuliwaona mbayuwayu wa bluu wakipita chini chini juu ya nyasi, na maua ya okidi kila upande.

Mume wangu akachuchumaa penye ua moja. "Mama watoto, hii si ndiyo chikanda?"

Ndiyo. Kiazi cha okidi hukaushwa, kikatwangwa, kikachanganywa na karanga, magadi na pilipili, kikapikwa mpaka kinakatika vipande kama soseji. Wazambia wanakipenda mno. Viazi vya kwao vilipopungua, wanunuzi wakageukia nyanda zetu za juu, na magunia yakawa yanapitia Tunduma. Shida ni kwamba ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Mbegu zake ni kama vumbi, na haziwezi kuota bila kuvu wa udongoni. Si kama viazi mviringo ukapande shambani.

Sasa, mama mkwe alikuwa na meza ya chikanda karibu na mpaka. Ada, sare, mpaka chuo, vyote vilitoka kwenye meza ile.

Usiku mwenzangu hakugusa chakula. "Kwa hiyo nimesomeshwa na maua ya hifadhi?"

Nikamwambia mama hakuchimba, alinunua tu.

"Walimchimbia wapi?"

Nikanyamaza. Mama yule alibaki mjane na watoto wanne, nani wa kumhukumu? Ila nimeyaona maua yale kwa macho yangu.

Jumapili anatungoja kwa chakula, na chikanda haikosi mezani kwake. Mwenzangu kasema atakula. Mimi bado sijasema kitu.