Nchi ya Uru, Ngazi kwa Ngazi

Mtu atokaye mjini Moshi kwenda Uru hupanda nchi kama apandaye ngazi. Chini ni tambarare yenye joto, katikati ni vihamba, na juu ni msitu mkubwa. Juu ya yote ni Kibo, chenye urefu wa mita 5,895. Wageni hukitazama Kibo, wakapiga picha na kwenda zao. Lakini uhai wa nchi hii, wa watu na wa wanyama pia, umo katika ngazi zile tatu za chini. Basi tuzitazame moja moja, tukianzia juu maji yatokako.

Msitu ndio ghala ya maji. Wengi hudhani kwamba mito yetu yatoka katika theluji. Sivyo. Theluji imebaki kidogo, na maji yake ni machache. Mvua kubwa kuliko zote za mlimani hunyesha msituni, na ukungu hunaswa na majani, ukadondoka tone kwa tone na kuzama ardhini. Humo hukaa mbega, na perere aliaye usiku mitini. Humo pia yumo minde, mnyama wa jamii ya funo, ambaye duniani kote hapatikani ila Tanzania. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika bonde moja la mlima huu umepimwa mti wa mita 81.5, mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika. Msitu huu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Chini ya msitu ni ukanda wa nusu maili, uliowekwa mwaka 1941 ili watu wapate kuni na mbao pasipo kuugusa msitu wenyewe.

Kisha vyaja vihamba, kwa Mchagga ndiyo nyumbani hasa. Zamani hapa napo palikuwa msitu. Wazee walipolima hawakukata kila kitu: waliacha mringaringa na mruka visimame juu, chini yake wakapanda migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Mpaka ukawa masale, na mifereji ikaleta maji kutoka juu. Ng'ombe hula majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi shambani. Kwa kuwa kivuli kilibaki, viumbe wa msituni nao walibaki. Hondohondo hula matunda na kuzipanda mbegu mbali. Chozi hunyonya maua ya migomba. Hata kinyonga mwenye pembe mbili, ambaye wengi humwogopa bure, hana sumu, naye hula wadudu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima huu wa Shimbwe Juu, huku huku Uru, kuwa urithi wa dunia nzima.

Tukishuka na mto Rau twafika tambarare, penye Msitu wa Rau. Humo mna chemchemi, mbega na kima, na mti adimu uitwao msoo. Mbele yake ni mashamba ya mpunga ya Mabogini, yanyweshwayo na maji yatokayo mlimani.

Basi ngazi hizi tatu ni kitu kimoja, na ile ya katikati imo mikononi mwetu. Msitu wa juu una askari wake, bali kihamba kina mwenyewe tu. Bei ya kahawa imepata kuwakatisha watu tamaa, na siku hizi kihamba hugawanywa kwa wana mpaka kikawa kama uwanja wa nyumba. Mwenye shida ya karo huuza mringaringa kwa mpasua mbao. Hatumlaumu, maana karo ni deni la kweli. Lakini mti mkubwa ukianguka, jua huchoma kahawa, mvua huchukua udongo, hondohondo hukosa pa kutua, na maji ya mvua hukimbia badala ya kuzama.

Kwa hiyo baba na mama wakae na watoto wao, wahesabu miti mirefu iliyobaki kihambani mwao. Ukilazimika kukata mmoja, tangulia kupanda miche miwili, uitunze mpaka ishike. Mjukuu wako atakaa kivulini, na jirani wa Mabogini, asiyejua hata jina lako, atavuna mpunga.