Saanane ni dakika chache tu, ila kwetu ilichukua miaka

Wana-Mwanza wenzangu, tuambiane ukweli. Ni wangapi tunapita Capri Point kila siku, Saanane tunaiona ile pale, na hatujawahi kuikanyaga? Mgeni akija tunampeleka kupiga picha na Bismarck Rock, tunamlisha sato, basi. Kisiwa tunawaachia wanafunzi na wazungu.

Kwetu kulikuwa na sababu nyingine. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hapandi chombo cha majini. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, mdogo wake alikuwa ndani. Hakupatikana. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, na kila tukipita pale mama ananyamaza. Tangu mwaka huo, akienda kwao Bukoba alikuwa anazunguka Shinyanga, Kahama mpaka Biharamulo, ilimradi tu asipande kivuko cha Busisi. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 alishangilia kuliko sisi wote.

Sasa likizo hii watoto wakakazana, ni Saanane tu, hawataki kingine. Baba watoto akamwambia, "Mama, wewe baki upumzike." Akajibu, "Nani kakwambia nimechoka?" Tukatazamana.

Pale gatini hatukumbembeleza wala kumharakisha. Akavaa jaketi okozi, akamuuliza nahodha, "Baba, hii inabeba watu wangapi?" Akatajiwa. Akaanza kutuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, halafu akarudia tena. Hakuna aliyecheka. MV Bukoba ilijaza watu kupita uwezo wake, na mama hajasahau. Aliporidhika, akapanda. Njiani alimkamata mjukuu wake mkono mpaka mtoto akalalamika. Ni mwendo wa dakika chache, lakini jamani, zile dakika!

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa mwenye kisiwa. Mwaka 1964 serikali ikakifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Tuliona swala pala, tumbili wakorofi wenye jicho kwenye vitafunwa vyetu, na pimbi wamejianika juani kama wastaafu. Mijusi wenye vichwa vyekundu ndiyo waliowamaliza watoto kabisa.

Tulipanda taratibu hadi juu ya mawe. Kutoka kule unaiona Mwanza yote na vilima vyake, upande wa pili ni ziwa tu. Mama akakaa, akaangalia maji muda mrefu. Mwanangu mkubwa akamuuliza, "Bibi, unaangalia nini?" Ndipo akaanza kuwasimulia habari za babu yao yule: jinsi alivyokuwa mtani, alivyopenda mpira, alivyokuwa hawezi kufika Mwanza bila zawadi ya senene. Nina miaka kumi na moja kwenye ile nyumba na nilikuwa sijawahi hata kumsikia akilitaja jina lake. Baba watoto akageuka pembeni, akajifanya anapiga picha ndege.

Sisemi mama amepona. Juzi nimemuuliza kama tutaenda na Ukerewe, akaniambia, "Mwanangu, usinizoee." Sawa, tumeelewana. Ila sasa watoto wanamjua babu yao, na wanamuuliza bibi habari zake hata mezani wakati wa kula.

Kwa mtakaokwenda: vaeni viatu visivyoteleza, maana mawe ni mengi, bebeni maji ya kunywa, na msiogelee, mamba wapo. Na kama una mzazi mwenye historia na lile ziwa, usimlazimishe wala usimwamulie kubaki nyumbani. Muulize mwenyewe. Akitaka kuhesabu watu kabla ya kupanda, msubirini amalize.