Damu, Maharagwe na Dadangu

Ng'oa mmea wa maharagwe shambani, ukung'ute udongo, halafu uangalie mizizi. Utaona vinundu vidogo vimeng'ang'ania pale kama shanga. Pasua kimoja kwa kucha. Kama mmea una afya, ndani utakuta rangi ya waridi, karibu nyekundu. Hiyo rangi si ya udongo. Ni ya protini inayoitwa leghemoglobini, ambayo kazi yake ni kushika oksijeni isiwaharibie kazi bakteria wanaoutengenezea mmea mbolea kutoka hewani.

Wewe pia uko na protini ya kushika oksijeni: hemoglobini, ile inayoipa damu yako wekundu. Na ukiweka mnyororo mmoja wa hemoglobini yako kando ya leghemoglobini, uzungushe mpaka zilaliane, utaona kitu cha kushangaza. Zimekunjwa vile vile. Misokoto ile ile, kwa mpangilio ule ule, ikikumbatia kipande kile kile chenye chuma katikati. Wewe na githeri mna siri ya ukoo.

Kabla hujacheka, ngoja nikuonyeshe kwa nini watu walichukua miaka kuamini vitu kama hivi. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Kuna aina 20 za kawaida, na kila moja imepewa herufi yake, kwa hivyo protini unaweza kuiandika kama neno refu. Mnyororo wa beta wa hemoglobini ya binadamu ni neno la herufi 146. Njia rahisi ya kujua kama protini mbili ni ndugu ni kulinganisha maneno yao: herufi ngapi zimepatana? Mwaka 1980, Arthur Lesk na Cyrus Chothia walichukua protini tisa za ukoo huu wa globini, ya mmea jamii ya maharagwe ikiwa ndugu wa mbali kabisa na sisi, wakazipima moja moja. Katika jozi iliyoachana zaidi, herufi zilizopatana zilikuwa asilimia 16 tu. Ukisoma maneno hayo mawili bila kuona maumbo, utaapa hayajuani. Lakini umbo limeshikilia. Herufi zimebadilika kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na nyumba bado imesimama na vyumba vyake.

Mimi nilisoma baiokemia miaka miwili, kisha karo ikatushinda nyumbani. Siku hizi naandika kwa malipo: maelezo ya viatu vinavyouzwa mtandaoni, hotuba za wasimamizi wa harusi, wasifu wa watu wanaoomba kazi ambazo mimi mwenyewe siwezi kuomba. Kwenye fomu, pale penye kiwango cha elimu, kuna visanduku vinne vitano na hakuna changu. Lakini kuna mlango mmoja ambao haukufungwa nilipotoka chuo. Hazina ya dunia ya miundo ya protini, PDB, iko wazi kwa kila mtu. Ilianza mwaka 1971 ikiwa na miundo saba tu. Sasa imepita 200,000. Haikuulizi nambari ya usajili wala kama umelipa karo. Uko na bando, unaingia.

Kwa hivyo usiku, nikimaliza viatu vya watu, naingia huko kulinganisha maumbo.

Kulinganisha umbo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jaribu kufikiria ndugu wawili wamelala kitanda kimoja, wote wamejikunja ubavuni, ila mmoja ameunyoosha mkono mpaka nje ya blanketi. Wanalala sawa au hawalali sawa? Kipimo cha zamani, RMSD, kinaziweka protini mbili juu ya nyingine kadiri inavyowezekana (Wolfgang Kabsch alionyesha mwaka 1976 jinsi ya kupata mzunguko bora kabisa), kisha kinapima umbali kati ya kila atomu na mwenzake. Shida yake ni ule mkono. Umbali mkubwa unapewa uzito mkubwa, kwa hivyo mkia mmoja uliolegea unaweza kufanya protini mbili za ukoo mmoja zionekane wageni.

Mwaka 2004, Yang Zhang na Jeffrey Skolnick walileta alama ya TM. Hii inasema: vipande vinavyokaribiana vihesabiwe sana, vilivyo mbali vihesabiwe kidogo, na urefu wa protini usiharibu hesabu. Jibu linakuja kati ya sifuri na moja. Ukipita 0.5, kwa kawaida umbo ni la aina moja. Nilipoweka mnyororo wa damu ya binadamu na wa mmea jamii ya maharagwe, alama ilipita nusu, tena kwa mbali. Nilikaa nikiangalia ile picha, rangi mbili zimelaliana, nikahisi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya babu asiyemjua akakuta ni pua yake.

Kuna njia nyingine naipenda zaidi, ya Liisa Holm na Chris Sander, ya mwaka 1993, inaitwa DALI. Unakumbuka lile jedwali la pembetatu kwenye ramani za zamani za barabara? Nairobi mpaka Nakuru kilomita ngapi, Nakuru mpaka Kisumu ngapi, Kisumu mpaka Mombasa ngapi? Ukiwa na umbali wote kati ya miji yote, unaweza kuichora ramani hata kama hakuna aliyekuambia kaskazini ni wapi. DALI inafanya hivyo kwa protini. Inaandika umbali kati ya kila kipande na kila kipande kingine, halafu inalinganisha majedwali badala ya maumbo. Hakuna haja ya kuzungusha chochote kwanza, kwa sababu umbali haujali umelalia upande gani.

Ukishajua kulinganisha mbili, swali linalofuata ni makundi. Hapo ndipo naikumbuka Gikomba. Mzigo wa mitumba ukifunguliwa, nguo ni zile zile, lakini muuzaji anaweza kuzipanga kwa aina, kwa saizi, au kwa ubora: kamera huku, fagia kule. Kila mpango ni wa kweli, na kila mpango unaficha kitu. Mwaka 1995, Alexey Murzin na wenzake kule Cambridge walitoa mpangilio wa SCOP, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa macho, mtu akikaa na muundo mmoja baada ya mwingine na kuamua huu ni wa boma gani. Kwa maelfu ya miundo, inawezekana. Halafu AlphaFold ikaja, programu inayokisia umbo kutoka kwa herufi, na kufikia 2022 hazina yake ilikuwa na makisio zaidi ya milioni 200. Hakuna macho ya kutosha kwa hiyo kazi.

Jibu moja lilikuwa Foldseek, programu kutoka kwa kikundi cha Martin Steinegger kule Seoul. Ujanja wake unanifurahisha kama mtu wa maneno: inaligeuza umbo kuwa maandishi tena. Kila kipande cha protini kinapewa herufi mpya, moja kati ya 20, inayoeleza jinsi kilivyokaa na jirani yake wa karibu. Baada ya hapo kompyuta inatafuta kama inavyotafuta neno ndani ya kitabu, kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2023, watafiti walichukua miundo milioni 214 ya AlphaFold wakaipanga kwa njia hii. Walibaki na makundi kama milioni 2.3 yenye zaidi ya mwanachama mmoja. Katika asilimia 31 ya makundi hayo, hakuna protini hata moja inayofanana na kitu kilichokuwa kimeelezwa na sayansi.

Sasa nikuambie kwa nini haya yote hayanipi usingizi.

Dadangu mdogo ana selimundu. Yeye na Mama wako Kisumu, na kando ya Ziwa Victoria huu ugonjwa si mgeni. Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa mwanafunzi Oxford, alizunguka nchi hii akipima damu, akaona kwamba chembe ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya ziwa, na ni adimu nyanda za juu. Baadaye, mwaka 1954, akaonyesha sababu: ukirithi nakala moja, inakukinga na malaria kali. Ukirithi mbili, ni kama dadangu.

Sentensi ambayo dadangu ameisikia zaidi maishani ni hii: "Lakini unaonekana sawa." Mwalimu mmoja alimwambia hivyo akiwa amelazwa kichwa juu ya dawati, akidhani ni mbinu ya kuhepa hesabu. Jirani alimwambia Mama hivyo, ati huyu mtoto mnamdekeza. Mchumba fulani pia, kabla hajawa mchumba wa zamani. Siku za maumivu yeye hulia kimya, kwa sababu amejifunza kwamba kelele hazimsaidii mtu anayeonekana sawa.

Desemba nilienda nyumbani na laptopu. Akaniuliza ninachofanya usiku na hizo rangi. Nikamwonyesha mambo ya maharagwe, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo nikila githeri nakula cousin?" Halafu akanyamaza, akasema, "Weka yangu."

Nilijua ilipo. Vernon Ingram alionyesha miaka ya 1950 kwamba tofauti kati ya hemoglobini ya kawaida na ya selimundu ni asidi amino moja tu kwenye mnyororo wa beta. Mahali pa sita, palipofaa kuwa na glutamati, pana valini. Herufi moja katika 146. Nikachukua muundo wa hemoglobini ya selimundu, nikachukua wa kawaida, nikalinganisha mnyororo kwa mnyororo. Alama ya TM ikakaribia moja kabisa. Rangi mbili zililaliana hadi ukaona kama ni moja.

Akaangalia ile nambari. "Kwa hivyo hata kompyuta inasema naonekana sawa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma matokeo aliyoyatarajia. Na hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna muhadhara ulionipa. Ile alama haikudanganya. Imejibu ilichoulizwa: umbo la mnyororo mmoja, ukiwa peke yake. Herufi zinasema sisi na maharagwe hatujuani, umbo linasema ni ndugu, na vyote viwili ni kweli. Herufi zinasema dadangu ni karibu sawa na mimi, umbo linasema ni sawa kabisa, na bado kuna usiku Mama anakesha akimkanda miguu. Ugonjwa wake hauko ndani ya mnyororo mmoja. Uko kati ya mmoja na jirani yake.

Glutamati hupenda maji. Valini huyakwepa kama mafuta. Hemoglobini ikishaachilia oksijeni, ile valini iliyo juujuu hupata mfuko mdogo kwenye hemoglobini ya jirani, inaingia pale kujificha maji. Jirani naye ana valini yake, anashika mwingine. Wanashikana mpaka wanakuwa nyuzi ndefu, nyuzi zinaisukuma seli kutoka ndani, seli inajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ukimpima mmoja mmoja, kila mmoja yuko sawa. Lazima uwaone wakiwa pamoja.

"Sasa brathe," akasema, "hakuna ya kupima zikiwa mbili?"

Iko. Siku hizi kuna programu zinazolinganisha mikusanyiko mizima ya protini, si mnyororo mmoja mmoja. Lakini kwa swali lake hatukuhitaji hata alama. Kwenye PDB kuna muundo wa hemoglobini ya selimundu uliochapishwa mwaka 1997, na ndani yake hemoglobini mbili nzima zimenaswa zikiwa zimeshikana. Nikaufungua. Nikaficha kila kitu isipokuwa ile valini na mfuko ilimoingia, nikapaka valini rangi ya chungwa, nikasogeza karibu.

Akanipokonya panya ya kompyuta. Akaizungusha ile picha polepole, juu, chini, kwa nyuma, kama mtu anayekagua simu kabla ya kuinunua. Mama alikuja kusimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama, kuja uone," dadangu akasema, kidole kikigusa kioo. "Si nilikuwa nawaambia? Ndio hii."