Mnara wa Viti Gakoromone

Wanasarakasi walikuja sokoni Gakoromone, Meru, baada ya mavuno ya maharagwe, watu wakiwa na pesa. Walitandika magunia juu ya tope, kati ya akina mama wa ndizi na wauza mitumba, wakapuliza filimbi, na nusu ya soko ikawageukia. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980.

Mimi niliusubiri mnara wa viti. Waliazima viti vya mbao katika hoteli ya jirani, cha kwanza wakakisimamisha juu ya chupa nne za soda, wakapandisha vingine kimoja kimoja, hadi kijana mwembamba akasimama kwa mikono juu ya vyote. "Mteremsheni, ni mtoto wa watu huyo!" alipiga kelele muuza viazi mmoja, mizani yake ameisahau. Wenzi wa kijana yule hawakuangalia umati. Macho yao yalikuwa kwenye miguu ya viti. Na walipopandana wao kwa wao, aliyepanda alikanyaga paja, kisha nyonga, kisha bega, uti wa mgongo kamwe. Watoto wa soko sote tuliijua sheria hiyo, maana jioni tuliijaribu juu ya majani makavu ya migomba.

Ukubwani ndipo nilipojua kuwa mnara ule asili yake ni Uchina, ambako Wuqiao, mkoani Hebei, sarakasi imerithishwa karne kwa karne. Miaka ya 1960 serikali ya Nyerere ilipeleka vijana wa Tanzania Uchina, wakarudi kuunda kikundi cha taifa. Baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaufundisha ustadi huo, na tangu 2001 Sarakasi Trust ya Nairobi inawafunza vijana wa mitaani.

Gakoromone mchezo ulipata ngoma za kwetu, na hakuna aliyeuona mgeni. Kwani Waembu, jirani zetu, tayari walikuwa na wachezaji wao wa milonjo, warefu kuliko mapaa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka sarakasi ibaki kama ilivyotoka Uchina. Inadumu pale inapopata mwalimu, na mdundo ambao watazamaji wanaujua.

Viongozi wa Meru na Embu, wapeni vijana wa sarakasi ukumbi, magodoro mazito na mwalimu anayelipwa. Nawe msomaji, ukiwakuta sokoni, simama uwatazame hadi mwisho, kisha utie kitu kofiani.