Tangazo Lililoelekea Ukutani



Wapendwa waamini, juma hili hatutaandika juu ya masomo ya Dominika. Tutaandika juu ya kiwanja chetu cha kigango, kwa kuwa wengi wenu mmetuuliza mlangoni pa kanisa, baada ya Misa, kwa nini msingi haujachimbwa ilhali michango ilikamilika tangu Pasaka. Mnastahili jibu, ingawa jibu lenyewe halitupi sifa sisi tunaoliandika.

Kama mjuavyo, viwanja vile viwili vilinunuliwa kwa jasho la Jumuiya Ndogo Ndogo, na hati zake zinasema matumizi yake ni makazi. Kwa miaka kadhaa tumesali hapo chini ya turubai, kisha chini ya banda la mabati, na hakuna aliyetuuliza neno. Lakini kanisa la kudumu halijengwi juu ya hati ya makazi. Kwa utaratibu unaotokana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mwenye kiwanja anayetaka kukitumia kwa jambo jingine hana budi kuomba kubadilishiwa matumizi. Maombi hutangazwa ili majirani wapate kusema, serikali ya mtaa hutoa maoni, maofisa wa mipango miji hupima ombi na mchoro wa eneo, na shauri hufikishwa mbele ya madiwani wa kamati ya mipango miji kabla ya kwenda wizarani. Mwenye haraka huiona safari hiyo kuwa usumbufu mtupu. Nasi tulikuwa na haraka.

Tangazo letu lilibandikwa getini, kwa ndani. Siku za wiki geti hufungwa, na apitaye nje huona bati la bluu tu. Dominika geti hufunguliwa, na likifunguliwa upande ule wenye tangazo huelekea ukutani. Kwa hiyo karatasi ile ilikaa pale muda wake wote bila kusomwa na kiumbe, isipokuwa mijusi. Gazetini tulitangaza pia, ndiyo, lakini ni nani mtaani kwetu husoma matangazo ya ardhi katika kurasa za nyuma? Muda ulipokwisha bila pingamizi, tulisimama altareni tukamshukuru Mungu kwa moyo mwema wa majirani. Mnakumbuka mlivyopiga vigelegele.

Kisha barua ikafika serikali ya mtaa. Aliyeiandika ni mzee jirani yetu wa upande wa bondeni, Mwislamu, mstaafu, aliyejenga hapo kabla yetu. Barua ilikuwa imechelewa, lakini mtendaji aliipeleka halmashauri, na kamati ya madiwani ikaahirisha shauri letu.

Katika kikao cha kamati yetu ya ujenzi yalisemwa maneno ambayo hatuna budi kuyakiri. Ilisemwa kwamba ni chuki ya dini. Ilisemwa kwamba mzee ametumwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisoma barua yenyewe. Na sisi, badala ya kuituliza nyumba, usiku ule ule tulimpigia simu diwani mmoja ambaye ni muumini mwenzetu, tukamwomba atusaidie kulisukuma jambo. Tulitumia neno hilo, kusukuma.

Alinyamaza kidogo, kisha akatujibu kwa heshima: “Baba, nikilisukuma la kwenu mwezi huu, mwezi ujao lile la baa nitalizuiaje?”

Wapendwa, mnalikumbuka lile la baa. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja aliomba kugeuza nyumba ya kuishi iliyo nyuma ya parokia iwe baa na nyumba ya wageni. Tuliandika barua kali, tukakusanya saini baada ya Misa zote tatu, na hoja yetu kubwa ilikuwa hii: eneo hili ni la makazi, na mpango uliopangwa uheshimiwe. Ombi lile lilikataliwa, tukafurahi. Tulipoipata nakala ya barua ya mzee tuliikuta hoja hiyo hiyo, karibu kwa maneno yale yale.

Siku mbili baadaye mwanasheria wa parokia yetu alituletea kisa cha Marekani, akiamini kitatupa nguvu. Katika mji wa Boerne, Texas, kanisa la Mtakatifu Petro Mtume lililojengwa mwaka 1923 lilikuwa na nafasi ya watu kama 230 tu, na katika baadhi ya Misa za Dominika watu 40 hadi 60 walikosa pa kukaa. Askofu Mkuu Patrick Flores wa San Antonio akaruhusu lipanuliwe. Serikali ya mji ikakataa kutoa kibali, kwa kanuni yake ya kulinda eneo la majengo ya kihistoria. Askofu akaenda mahakamani akitegemea sheria ya mwaka 1993 iliyolinda uhuru wa dini. Tarehe 25 Juni 1997 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba Bunge lilivuka mamlaka yake kwa kuzibana serikali za majimbo na za miji kwa sheria hiyo. Kanisa likashindwa.

Mwanasheria wetu alitaka tuone kwamba mwaka 2000 Bunge lile lilitunga sheria nyingine, inayohusu hasa ardhi za nyumba za ibada, na kwamba hoja ya uhuru wa kuabudu si ya kupuuzwa. Ni kweli. Lakini macho yetu yalinasa kwingine. Waamini wa Boerne hawakupata nafasi zao kutoka kwa majaji. Baada ya hukumu ile, mji na Kanisa waliketi pamoja wakakubaliana kuhifadhi kama asilimia 80 ya jengo la zamani, na kuongeza ukumbi mpya wa watu 750. Miaka ya kesi, kisha kikao cha majirani! Tukajiuliza kwa nini sisi tusianzie pale walipoishia wao.

Tulikwenda kwa mzee siku ya Jumatano jioni, bila kamati. Tukamwamkia: “Shikamoo, Mzee.” Akaitika: “Marahaba, Padre, karibu,” akatuwekea kiti barazani. Hakusema lolote juu ya dini. Alitupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha ukuta wa chumba cha kulala, wenye alama ya maji iliyofika magotini. Maji yale yanatoka kwenye bati letu, lisilo na mfereji wowote, na kila masika huteremkia kwake. Akatuonyesha kichochoro ambacho magari yetu hukiziba Dominika. Siku mkewe aliposhikwa na presha, bajaji ilishindwa kutoka, ikabidi abebwe na wajukuu hadi barabarani, huku sisi tukiimba. Jambo la tatu lilikuwa vipaza sauti vya saa kumi na mbili asubuhi, nalo alilisema akitabasamu, kwani anajua kwamba na wao wana adhana.

“Ningewaambia zamani,” alisema, “lakini nilingoja mje.”

Tumesoma mara nyingi habari za Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na daima tumejiweka upande wa Nabothi. Usiku ule tulirudia mwanzo wake. Ahabu hakuanza kwa ukatili. Alianza kwa adabu, akatoa bei nzuri, na alichotaka kilikuwa bustani ya mboga tu.

Sasa jibu la swali lenu. Mchoro umebadilishwa. Jengo limesogezwa mbali na mpaka wa bondeni, na nafasi zimepungua kutoka 400 hadi 320. Mnara wa kengele tumeuondoa, na tunajua utawauma wengi, hasa wana jumuiya waliouchangia peke yake. Kiwanja cha pili kitakuwa maegesho. Sehemu ya fedha za msingi itajenga mfereji wa zege hadi mtaro wa barabara, na utajengwa hata kama kibali hakitapatikana, kwa sababu maji ya banda yanateremka sasa. Tangazo limebandikwa upya, nje, kwenye nguzo iliyo kando ya njia.

Kamati ya madiwani itaketi mwezi ujao. Inaweza kukataa. Tumemwomba yule diwani radhi.

Msaragambo wa kuchimba mfereji ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Njoni na majembe, sururu na ndoo. Tutaanza upande wa mzee, naye amesema uji utapikwa kwake. Magari yaachwe uwanja wa shule.