Uaminifu Unahitaji Mahali pa Kwenda

Nilikwenda Japani kusoma nikiwa na imani moja iliyokwisha kukomaa kichwani: kwamba uaminifu uko kwenye damu. Wapo watu waliozaliwa nao na wapo walionyimwa, na sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tumeshajihesabu katika kundi la pili. Leo siamini hivyo tena. Natoa ushuhuda huu kwa sababu naona imani ile bado inawakatisha tamaa wengi nyumbani.

Siku za mwanzo kule Nagoya, kila nilichokiona kiliitia nguvu imani hiyo. Mtu anaingia mkahawani, anaacha begi lake mezani ili kushika nafasi, kisha anakwenda kupanga foleni ya kahawa huku meza ameipa mgongo. Watoto wa darasa la kwanza, kofia za njano kichwani, wanakwenda shule kwa miguu bila mtu mzima. Glavu iliyodondoka njiani unaikuta imetundikwa kwenye uzio, ili mwenyewe akirudi aione. Nikawa najisemea: hawa ndivyo walivyoumbwa.

Aliyenitoa huko ni mtoto mmoja. Japani ina vituo vidogo vya polisi vinavyoitwa koban, chumba kimoja au viwili kando ya stesheni au kwenye njia panda. Nchi nzima viko takriban 6,000, na miongoni mwa kazi zake ni kuwaelekeza watu njia na kupokea vilivyopotea. Niliingia katika kimoja kuulizia mtaa, nikamkuta mvulana wa shule ya msingi amenitangulia, begi kubwa mgongoni, ngumi ameikunja. Akaifungua juu ya meza. Ilikuwa sarafu ya yeni 10, ile ya rangi ya shaba yenye picha ya hekalu la Byodoin. Pesa hiyo hainunui hata chupa ya maji. Alikuwa ameiokota njiani.

Nilitegemea askari atacheka na kumwambia akanunulie peremende. Hakucheka. Alivuta kiti, akatoa fomu, akaanza kuuliza. Umeiokota wapi hasa? Saa ngapi? Upande gani wa barabara? Mtoto anajibu, yeye anaandika, kwa makini ya karani anayejaza hati ya kiwanja. Walipomaliza, askari alisimama, akainama, akamshukuru. Mvulana akatoka kifua mbele.

Pale ndipo nilipoona kwamba uaminifu ule hakuzaliwa nao. Alikuwa anafundishwa, na mwalimu wake alikuwa mtu mzima mwenye shughuli nyingi aliyekubali kuipa sarafu ya yeni 10 heshima ileile ambayo angeipa pochi iliyojaa noti.

Nilianza kuuliza, nikakuta nyuma ya askari yule ipo sheria kamili ya vitu vilivyopotea. Anayeokota kitu barabarani na kukipeleka polisi ndani ya siku 7 ana haki ya kudai kwa mwenye mali kifuta jasho cha kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani yake. Mwenyewe asipojitokeza ndani ya miezi 3, aliyeokota anaweza kukichukua kiwe chake, isipokuwa vitu kama simu na kadi vinavyobeba siri za mtu. Akikificha na kukifanya chake, ni kosa la jinai. Kwa hiyo anayerudisha hapotezi kitu, na anajua pa kwenda. Mwaka 2018 polisi wa Tokyo pekee walipokea zaidi ya vitu milioni 4.

Tena Wajapani si malaika. Baiskeli huibwa sana, na mwavuli ulioachwa mlangoni mwa duka siku ya mvua unaweza kuondoka na mtu mwingine. Treni za miji mikubwa zina mabehewa ya wanawake peke yao kwa sababu wapo wanaume wanaowapapasa kwenye msongamano. Kuyajua haya hakukunivunja moyo, kulinipa matumaini. Kama watu wenye udhaifu kama wetu wameweza kujenga mazoea ya kurudisha pochi, basi mazoea hayo yanajengeka popote.

Na sisi hatuanzi na mikono mitupu. Madrasa nilikosoma utotoni tulifundishwa kwamba kitu cha kuokota hutangazwa mwaka mzima kabla ya kukigusa. Mpaka leo misikitini hutangazwa funguo na simu zilizookotwa. Wazee walisema chako ni chako, cha mwenzio si chako. Mafundisho tunayo tele. Tunachokosa ni meza ya kuweka kile kitu, na mtu wa kukipokea bila kumtilia shaka aliyekileta. Ni wangapi wanaookota kitambulisho daladalani wakakaa nacho, si kwa wizi, bali kwa kuogopa kuulizwa wamekipata wapi?

Niliporudi nilizungumza na mwenyekiti wa mtaa wetu na mwenye duka la kona. Sasa pale dukani pana daftari: kitu gani, kimeokotwa wapi, lini, nani kakileta, nani kakichukua. Vinakuja vitambulisho, kadi za benki, funguo, sare za shule. Watoto ndio wanaoleta zaidi, na mwenye duka nimemwomba jambo moja tu: kila mtoto aandikiwe mbele ya macho yake, hata akileta kifungo, kisha ashukuriwe.

Nimeacha kusema kwamba watu wetu si waaminifu. Badala yake nauliza, na ninakuomba nawe uulize unapoishi: mtu mwaminifu akiokota kitu hapa mtaani kwetu leo, akipeleke wapi, na nani atampokea? Kama jibu halipo, tusimlaumu mtu kwanza. Tuweke meza.